Sarafu ya Leuntje Inapungua Kila Jumamosi

Saa mbili asubuhi, Alhamisi. Soko la Middelburg limeshaanza kunukia samaki wa kukaanga, na Neeltje Kodde, muuza sarafu za zamani, anawapanga malkia wake juu ya kitambaa cheusi. Anaanza na gulden ya fedha ya 1954, pesa ya Uholanzi ya kabla ya yuro, yenye sura ya Malkia Juliana, na kumalizia na sarafu kubwa ya gulden kumi ya 1973, iliyotolewa malkia huyo alipotimiza miaka ishirini na mitano ya utawala.

Mteja wa kwanza ameleta ya kwake ya 1973, ameifunga kwenye leso. Macho yanamng'aa, kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

"Mzee mwenzangu, kila nyumba iliweka moja kabatini," Neeltje anamwambia. "Nitakupa bei ya madini yake, basi. Na nani kaisugua hivi?"

"Mke wangu. Ilikuwa imepiga weusi."

"Jamani! Mwambie aache. Weusi ndio umri wake. Mkusanyaji akiona imesuguliwa, haitaki hata bure."

Neeltje ana miaka sitini na minane, na ishirini na minane kati ya hiyo ameimalizia kwenye meza hii. Siku njema huondoka na yuro themanini. Siku ya mvua kumi na tano, na kikohozi juu.

Kwenye meza ya pili, Krijn muuza jibini anapaza sauti: "Neeltje! Mzuka wako umekula gramu ngapi wiki hii?"

"Koma! Kaa na jibini lako."

Anacheka, lakini vidole vyake vimesimama juu ya kitambaa. Mimi, niliyekuja kuandika habari za soko, nilimuuliza mzuka gani. Akasema nije kwake Jumamosi, saa tisa mchana.

Jumamosi hiyo, mezani kwake, alinieleza. Kwao, kila mtoto aliyezaliwa alipewa gulden ya fedha ya mwaka wake. Kaka yake Adriaan alikuwa na ya 1955, Neeltje ya 1957, na mdogo wao Leuntje ya 1964. Mama yao alizitunza kwenye kopo la biskuti. Kila Jumamosi saa tisa, kwa kuwa Jumapili kazi ilikuwa mwiko, alisugua vyombo vya shaba, vifungo vya nguo za kanisani, na mwishoni sarafu za wanawe, kwa chaki na siki.

"Ya Adriaan aliisugua mara mbili," Neeltje anasema. "Kifungua mimba, tena ana pumu. Alimpenda kupita kiasi, nisikufiche. Malkia akaisha pua, akaisha jicho. Ikabaki duara tupu."

Majira ya baridi yaliyofuata, barafu ya mfereji ilimpasukia Adriaan miguuni akiteleza na viatu vyake vya chuma. Alikuwa na miaka kumi na saba. Mama hakugusa chaki tena mpaka anazikwa, miaka thelathini iliyopita.

"Alisema, 'Nimemfuta mwenyewe.' Mimi nikamwambia, mama, acha upuuzi, ni barafu." Neeltje anavuta kopo. "Siku hizi sina uhakika."

Gulden mpya ilikuwa na gramu sita na nusu. Ya Adriaan ina tano nukta tisa. Ya Leuntje, ambayo Neeltje aliifungia kwenye kasha la plastiki na kuliziba kwa gundi, mwezi wa tatu ilikuwa 6.48, ukitoa uzito wa kasha. Mwezi huo huo madaktari walimkuta Leuntje na uvimbe tumboni. Tangu hapo Neeltje anapima kila Jumamosi na kuandika kwenye daftari: 6.45, 6.41, 6.36.

Siku hiyo mizani ilisoma 6.31. Gundi ilikuwa nzima. Nilipolifungua kopo kulirudishia kasha, harufu ya siki ilinipanda puani, na ncha za vidole vyangu zikatoka nyeupe. Nilinawa mara mbili. Nasema kweli, niliogopa.

Simu ikalia. Ni Leuntje, kutoka hospitali, sauti imekonda lakini mdomo uko palepale.

"Dada, bado unacheza na mizani yako?"

"Nacheza. Unakula?"

"Supu yao ni maji ya kuoshea viazi. Niletee mkate wa sukari wa kwa mwokaji Dingemanse, na usije na uso wa msibani. Jumatano ndiyo wananipasua."

"Nitaleta miwili."

Alipokata simu, Neeltje alilitoa kasha la Leuntje koponi na kulifunga ndani ya soksi ya sufu, akalitia kwenye droo ya vijiko. Kisha akachukua gulden yake ya 1957, isiyo na kasha wala gundi, akailaza koponi juu kabisa, sura ya malkia ikitazama juu.

"Mama hakuwahi kuacha kazi nusu," alisema. "Akikuta moja iko wazi, ataanza na hiyo."

Nilirudi Jumamosi iliyofuata. Upasuaji ulikuwa umekwenda salama. Leuntje alikuwa ameshagombana na wauguzi wawili. Saa tisa Neeltje alitoa soksi. Mizani ikasoma 6.31, sawasawa na wiki iliyopita. Akapumua, akaandika.

Halafu akaiweka yake. Wiki iliyopita ilikuwa 6.49. Sasa 6.42. Ukingo wa shavu la malkia ulikuwa umelainika, na fedha iking'aa kama imetoka kusuguliwa sasa hivi.

 Neeltje alikuwa anatabasamu mpaka machozi, akaielekeza mizani kwangu nione vizuri.

Mpango wake ni mfupi. Leuntje akitoka hospitali atahamia chumba cha mbele, na meza ya sokoni ataachiwa yeye, ajifunze kupima na asisugue kitu chochote.

"Usimwambie hii ni yangu," alisema akifunga kopo. "Gramu zangu zinatosha mpaka apone."