Ukuta wa Babu Godoro

Hili ninalolileta hamtaliamini, na sina kinyongo. Hata mimi, ninayejijua kuwa mkweli kuliko wengi, nimelirudia kichwani mara nyingi nikitafuta mahali nilipodanganya. Elimu yangu mnaijua: darasa la nne nililipenda mpaka nikalisoma mara mbili, na la tano nililichungulia dirishani. Lakini kalamu naishika, na ninayemwandika ni dada yangu, tumbo moja, kwa hiyo asije msomi kunisahihisha habari za nyumbani kwetu.

Dada yangu ni mchora vibao. Nimemtangulia kwa miaka minne na kwa sura nzuri. Mengine yote kanipita. Watu wanamwita Mama Herufi. Duka la dawa, kinyozi, gereji, mlango wa choo cha soko, popote unapoona herufi imesimama wima kama askari anayetaka kupandishwa cheo, ujue ni mkono wake. Hupiga kwanza mstari kwa uzi uliopakwa chaki, akarudi nyuma hatua saba, akafumba jicho moja. Halafu anaegemeza ukutani fimbo yake yenye kitambaa kichwani, mkono wa kulia unalala juu ya fimbo, na hapo usimsemeshe hata nyumba ikiungua.

Huyu mtu hufuata kivuli. Rangi ya mafuta ikipigwa na jua kabla haijashika hutoa malengelenge, kwa hiyo asubuhi huchora kuta zinazotazama magharibi, alasiri zinazotazama mashariki. Na akishaanza neno, haliachi. "Neno nusu," husema, "ni kama mtu mzima aliyevaa suruali mguu mmoja."

Sasa mji wetu ulifura. Nilipokuwa kijana ulikuwa ukimjua kila mbwa na kila mbwa akikujua, ndiyo maana baadhi yetu tulipita njia za nyuma. Halafu watu wakaja, na waliokuwepo wakazaa, nami sikubaki nyuma. Nyumba ya vyumba sita ikakaa watu arobaini. Darasani kwa mjukuu wangu watoto mia na kumi, mwalimu akimaliza kuita majina kipindi kimekwisha. Bomba la maji lilikuwa lile lile la zamani, likikoroma mchana kutwa bila kutoa kitu, mfano wa mwandishi huyu. Viwanja vikakatwa vipande, vipande vikakatwa tena, mpaka mtu akichimba choo anatokea kwa jirani.

Baraza la mji likakaa, likatoa amri: miezi tisa, hakuna kujenga. Wahesabu kwanza watu, wapime maji na mitaro, ndipo waruhusu. Sheria yenyewe ilikuwa fupi. Nyumba yenye bati ni nyumba. Isiyo na bati ni ujenzi, na ujenzi usimame pale pale rangi itakapoukuta. Dada akaajiriwa kupita kila ukuta usio na paa, achore mstari mwekundu chini kidogo ya tofali la mwisho, aandike SIMAMISHA, na tarehe. Atakayeongeza kitu juu ya mstari, inabomolewa yote.

"Hongera," nikamwambia, "hatimaye umekuwa serikali."

"Nimekuwa brashi, Kaka."

Kwenye mtaa wa mwisho kabisa kulikuwa na nyumba ya Babu Godoro. Huyu alikuwa fundi wa magodoro ya pamba tangu enzi ambazo hata mimi nilikuwa sijaanza kusema uongo. Nusu ya mji imelala juu ya kazi ya mikono yake, na nusu nyingine mimba zao zilitungwa hapo hapo. Godoro alilolalia dada siku ya ndoa yake alilishona yeye, na dada bado analo. Mke kamzika, mtoto hakujaliwa. Chumba alichopanga mjini mwenye nyumba alikigawa kwa mbao mara mbili, kisha mara tatu, apate kuingiza wapangaji, mpaka babu akawa analala akikunja magoti. Ndipo akahamia kwenye nyumba yake mwenyewe kabla haijaisha: kuta nne, lipu laini kama shavu la bibi harusi, mbao za paa zimeshapandishwa, mabati yamelala chini yakisubiri fundi. Akajifunika turubai kwenye pembe moja, yeye na pamba zake.

Orodha ya baraza kwa mtaa huo ilianzia upande wa pili. Kwa kuifuata, dada angemfikia babu siku ya pili. Lakini ilikuwa asubuhi, na upande ule wa mwanzo kuta zote zilikuwa zinaota jua. Ukuta wa babu ulitazama magharibi. Ulikuwa kivulini, mpana, safi. Dada mwenyewe ameniambia, "Nilipouona nilifurahi." Akaenda kuanzia mwisho.

Babu alikuwa amekwenda kutafuta misumari ya bati. Aliporudi na pakiti mkononi, dada alikuwa kwenye herufi ya tatu.

"Shikamoo, babu," dada akasema bila kugeuka.

"Marahaba, mwanangu. Unaandika nini?"

"Amri ya baraza."

Babu akasimama nyuma yake. Kusoma hakujui, lakini mstari mwekundu aliuona. "Mwanangu, fundi wa bati anakuja adhuhuri hii. Kazi ya saa tatu tu. Si urudi kesho?"

Hapo, wasomaji wangu, ndipo mahali penyewe. Herufi tatu zinafutika. Kitambaa chenye tapentaini kilikuwa begani kwake. Angefuta, angekwenda ukuta mwingine, nani angejua? Lakini mkono ulikuwa juu ya fimbo na rangi ilikuwa juu ya brashi. Akasema, "Ngoja nimalizie neno, babu, ndipo tuongee."

Akamalizia. Herufi tisa. Anasema hajawahi kuchora nzuri kama zile. Akarudi nyuma hatua saba, akafumba jicho, akaona hakuna kasoro. Alipomgeukia babu sasa waongee, hakukuwa tena na la kuongea. Adhuhuri fundi wa bati akaja na ngazi begani, akasoma ukuta, akageuza ngazi na kuondoka nayo.

Basi mji ukanyamaza. Ninyi mliozaliwa kwenye kelele za nyundo hamuwezi kujua kimya kile. Nilikuwa nikipita kwenye mitaa mipya saa nne asubuhi na sikusikia hata koleo. Kuta na kuta, madirisha bila fremu, milango bila milango, vyumba vinavyokutazama. Katika chumba kimoja niliona kiti kimewekwa katikati na hakuna mtu, na nyasi zimeanza kuota kukizunguka. Nikaongeza mwendo. Sikukimbia. Mtu wa umri wangu hakimbii, ila nilifika nyumbani kabla ya kivuli changu.

Dada njia yake ya kazini ilipita kwa babu kila siku. Angekuwa mzee wa matusi ingekuwa nafuu. Yeye alikuwa akiinua mkono tu, amekaa chini ya turubai anachambua pamba: "Umeamkaje, mwanangu? Watoto hawajambo?" Kila siku. Hakuutaja ukuta hata mara moja. Mwezi wa pili wa amri dada akaanza kuzunguka njia ya mbali, na huko nako kuta zote alizichora yeye. Akienda huku neno, akirudi huku neno, mwandiko wake mwenyewe unamsimamisha kila kona.

Kisha likaanza la godoro. Dada alikuwa amezoea kujinyoosha kidogo mchana baada ya kula. Siku moja kaja kwangu, kanyooka kama fimbo yake.

"Kaka, godoro langu linanuka pamba mbichi."

"Labda mjukuu kakojoa."

"Halinuki mkojo. Linanuka mvua. Nimelianika siku tatu juani, ni kavu kama karatasi. Nikilala tu, linanuka."

Nikamcheka. Nikaenda nikajitupa juu ya lile godoro kwa madaha, nikafumba macho kumwonyesha. Mwanzo hakuna kitu. Halafu ikaja, chini kwa chini, harufu ya nguo iliyosahaulika ndani ya ndoo, na nikahisi pamba inajisogeza chini ya mgongo, taratibu, kama kuna vidole vinaichambua. Nje jua lilikuwa linawaka. Niliinuka nikasema mgongo unaniuma. Ninamsomea dada kila ukurasa kabla haujatoka mlangoni, ndilo sharti lake, na hapa kaniambia tu: "Uliinuka kabla hujamaliza kulala." Sawa. Niliinuka upesi.

Mwezi wa tano wa amri mvua zikaanza. Godoro la pamba likilowa, msilifanyie mzaha. Watu wawili hawalinyanyui, na ukilikamua linatoa maji meusi. Turubai likapasuka. Kifua cha babu kikaanza kupiga filimbi. Dada akamkokota hospitali, na huko vitanda vilikuwa na wagonjwa wawili wawili, kichwa kwa miguu. Baada ya wiki moja wakampa ruhusa. Daktari kaandika dawa, na chini yake kaandika kwa kalamu nzito: alale pakavu.

"Njoo kwangu, babu," dada akambembeleza.

"Kwako mko wangapi?"

"Kumi na wawili."

"Nikiwa wa kumi na tatu nitalala wapi, juu ya jiko?" Babu akakohoa, akacheka, akakohoa tena. "Maisha yangu yote nimewalaza wengine, mwanangu. Na mimi nataka nilale kwangu. Huko kwangu nimekosa bati tu."

Dada akachukua kile cheti cha daktari, akaenda nacho baraza la mji kwa Bwana Mipango, mkubwa wa mambo ya viwanja. Alikuwa kijana mpole, miwani, meza imejaa makaratasi mpaka kikombe hakina pa kukaa. Nilikuwepo. Alisoma cheti mara mbili.

"Mama, nakuonea huruma. Lakini bomba letu lilichimbwa kwa watu elfu nane, leo tuko elfu arobaini. Nikifuta ukuta mmoja, kesho mia nne watakuja na cheti cha daktari. Na wote watakuwa wagonjwa kweli."

"Huu ulikuwa uishe siku ile ile," dada akasema. "Ni mimi niliyeanzia mwisho."

"Ulianzia mwisho kwa nini?"

"Kivuli."

Bwana Mipango hakuelewa, nawe ungekuwa yeye usingeelewa. Akarudisha cheti kwa mikono miwili, kwa heshima. Mstari ni mstari, akasema, na tarehe ni tarehe.

Tulipotoka dada hakulia wala hakulaani. Alitembea kwenye mvua bila kujifunika, akiangalia kila ukuta tuliopita kama anautafutia kosa la mwandiko. Kwa fundi wa bati hakubisha hodi. "Beba ngazi," alimwambia. "Ikibomolewa, waseme Mama Herufi kaamuru." Fundi akamtazama, akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa kwa namna ambayo ingeweza kuwa ndiyo au hapana. Akabeba ngazi.

Tulimkuta babu juu ya magodoro matatu yaliyopangwa, la chini limeshakunywa maji, la juu bado. Macho yake yalikuwa wazi na kifua kinakwaruza. Neno liko pale nje, jekundu, mvua imelisafisha linang'aa. Dada akalipita kama mtu anayempita mbwa mkali, akapanda juu pamoja na fundi, sketi kaikunja kiunoni, misumari mdomoni. Wanawake wa mtaa wakatoka na khanga kichwani kutazama. Baada ya miezi mitano hiyo ndiyo nyundo ya kwanza kusikika katika mji, na nilivyoisikia nywele zilinisimama, maana ilisikika kama inapigwa chini ya ardhi.

Na hapo mwandishi wenu alijulikana ni nani. Mvua inanipiga usoni, upepo unataka kuning'oa, mimi najitwika mabati mawili mawili kichwani, napanda ngazi bila kushika, nampa fundi, nashuka, najitwika mengine, mpaka yote thelathini yakaisha na chumba kikawa kikavu, kikavu kabisa. Nikaingia ndani. Babu alikuwa anatazama juu, anasikiliza mvua inavyolia kwenye bati lake mwenyewe. Akatabasamu, jamani, akatabasamu kama mtoto, akamwita dada karibu, akamshika ule mkono wa kulia, akamwambia kwa sauti safi isiyo na kikohozi, "Sasa tumemaliza, mwanangu, wala sina neno na we—"

"Kumi na moja," dada akasema. Alikuwa amekaa mlangoni akinisikiliza nikimsomea ukurasa huu, anaosha brashi, na hakuinua kichwa. "Mabati yalikuwa kumi na moja, Kaka. Wewe ulishika ngazi."

"Niliishika vizuri."

"Uliishika vizuri. Na babu hakusema kitu. Tulipopigilia la nne alikuwa ameshapoa. Nilishuka nikamfumba macho, nikapanda tena."