Mashine ya Moyo Iko Wodi ya Wanaume

Umeshamwona huyu mama. Alikupita na toroli la mashuka machafu siku ulipokwenda kumjulia hali mgonjwa wako, nawe ukageuza shingo, ukajifanya unasoma bango ukutani. Leo hugeuki.

Saa kumi na mbili asubuhi, chumba cha kufulia cha hospitali kimeshajaa mvuke. Mwanamke anakunja mashuka, ncha kwa ncha, bila hata kuyatazama. Wenzake wanamwita Chuma. Jina alilipata enzi zile akibeba marobota ya mashuka mabichi peke yake huku wanaume wakitegeana.

"Chuma, niletee robota lile," mfuaji mwenzake anamchokoza.

"Libebe mwenyewe, shoga. Mimi uvivu wangu nimeandikiwa na daktari."

Wanacheka. Kicheko hicho kilikaribia kuzimika, tena katika hospitali hii hii anayoifulia.

Mwaka jana, kitinda mimba wake akiwa bado ananyonya, Chuma aliinua robota, maumivu yakamshika katikati ya kifua. Yakapanda mpaka kwenye taya, yakashuka mkono wa kushoto. Jasho la baridi likamtoka. Akapanda ngazi mwenyewe hadi mapokezi, mumewe akaitwa.

"Nikamwambia muuguzi, dada, kifua kinanibana. Akaniuliza nimekula nini. Akasema hiyo gesi, una mtoto mchanga, hulali, punguza mawazo. Nikapewa dawa ya tumbo."

Ndiyo hiyo dawa nyeupe ya kutafuna. Mpishi wa hospitali hiyo alipewa hiyo hiyo miaka kadhaa nyuma, akafia kwenye benchi la korido akiwa bado ameishika mkononi. Watu walilia sana, kisha wakasahau. Si wote.

Kwa nini Chuma hakupimwa umeme wa moyo, kipimo cha dakika chache? Kwa sababu mashine iko wodi ya wanaume. Iliwekwa huko na muuguzi mkuu aliyekwisha kustaafu, eti wagonjwa wa moyo ni wanaume. Ili mwanamke apimwe, lazima litafutwe pazia la kumsitiri, na pazia, kila likitakiwa, limepelekwa kufuliwa. Anayelifua ni Chuma.

Mumewe, fundi baiskeli, hakuwa amemsahau yule mpishi. Ndiye aliyegoma kuondoka.

"Nikamwambia yule muuguzi, dada yangu, kama ni gesi, mbona ananing'ang'ania mkono kama mtu anayezama? Leteni hiyo mashine, la sivyo naibeba mimi."

Ikaletwa, kwa manung'uniko. Mchoro ukaonyesha moyo unaumia, na kipimo cha damu kikasema hivyo hivyo. Akapelekwa kwa daktari wa moyo, ambaye alipitisha mrija mwembamba mkononi hadi kwenye mishipa ya moyo, akaipiga picha. Hakukuta mafuta yaliyoziba. Alikuta mshipa umechanika kwa ndani, wenyewe tu, damu imejipenyeza kwenye ukuta wake na kuibana njia.

"Mpasuko wa aina hii huwapata zaidi wanawake, wengi bado vijana, wengine wametoka kujifungua," anaeleza daktari huyo kwa sauti ya mtu aliyechoka kurudia. "Hana kisukari, havuti sigara, basi anaonekana mzima. Anarudishwa nyumbani."

Na tiba yake?

"Mara nyingi hatuupanui mshipa huo. Ukiuchokoza, unaweza kuchanika zaidi. Damu ikiwa bado inapita vizuri, tunamlaza, tunamwangalia kwa karibu, tunampa dawa za kuupunguzia moyo kazi. Mpasuko hujifunga wenyewe."

Ulijifunga. Ila mizigo mizito amekatazwa, na ameambiwa wazi kwamba mpasuko unaweza kurudi.

"Kinachonitisha si kufa," anasema Chuma akinyoosha foronya. "Ni kupanda zile ngazi tena, halafu niulizwe nimekula nini."

Ameomba mashine ihamishiwe mapokezi. Akajibiwa ombi linafanyiwa kazi. Kazi gani? Mashine yenyewe ina magurudumu.

"Ningekwenda kuisukuma mwenyewe," anasema, "ila si mnajua, nimeandikiwa uvivu."

Wewe hujaandikiwa. Leo hii, nenda hospitali anakotibiwa mama yako, mkeo, dada yako. Uliza mashine ya moyo iko wapi. Wakikuambia iko wodi ya wanaume, usitoke hapo mpaka usikie magurudumu yake yakibingirika.