Amerara

Mwalimu aliyenifundisha uuguzi Kasulu alinibandika jina la Tume ya Uchaguzi, na kwa hilo nitamchukia mpaka meno yaning'oke.

Jina lilitokana na ripoti yangu ya kwanza wodini. Tulikuwa tumesimama kuzunguka kitanda cha bibi mmoja, sare zetu bado zinanuka wanga, nikaambiwa nieleze alivyolala. Nikasema, "Mgonjwa amerara vizuri. Asubuhi amekataa kura."

Nilikusudia kulala na kula. Lakini kwetu Mabamba tunaongea Kirundi cha wazazi wetu, waliovuka mpaka kabla sijazaliwa wakalima muhogo hadi wakapewa uraia, na ulimi wetu haujui "l" ni kitu gani. Tena kwa Kirundi kurara ni kupitisha usiku mahali hadi kuche. Mtu aliyelala hadi asubuhi amerara. Hadi leo sioni kosa liko wapi.

Mwalimu, aliyehamishiwa huku kutoka mkoa wa mbali na Kiswahili chake kilichonyooshwa kwa pasi, alicheka mpaka akashikilia kabati la dawa. "Amekataa kura! Kwani bibi huyu ni mgombea?" Yule bibi naye akacheka, bila kujua anamcheka nani.

Tangu siku hiyo hakuna somo lililopita bila mimi kusimamishwa. Nikijibu, anaweka kiganja sikioni. "Rudia, Tume ya Uchaguzi, darasa halijasikia." Narudia. Darasa zima linaangua kicheko. Wenzangu Waha wa kijiji cha Kitanga, ambao kwao "l" na "r" hubadilishana zamu kama walinzi, ndio walicheka kuliko wote. Siku moja akaongeza, bila hata kutabasamu, "Hawa wakimbizi tukiwapa sindano watatumaliza." Cheti cha uraia cha baba yangu kimetundikwa ukutani kwenye fremu, juu ya picha ya harusi yake. Nilikaa chini, nikaapa kwamba mtu huyu nitamkomesha.

Sikuwa na silaha nyingine zaidi ya masomo yake mwenyewe. Basi niliyameza yote. Uuguzi, kwa anayeanza, ni kukariri tu: joto la mwili, mapigo ya moyo, upumuaji, shinikizo la damu, kipimo cha kila dawa na hatari yake. Wenzangu waliyaimba kwa sauti wakioga. Mimi nilikariri kwa chuki, na hakuna gundi inayoshika kama hiyo. Kila kitu nilikibandika kwenye mwili wake. Mapigo ya moyo yalikuwa mshipa ule wa shingoni uliokuwa ukimtutumka akicheka. Zile haki tano za kutoa dawa, ambazo mwanafunzi akizikosea anafelishwa papo hapo, nilizipanga hivi. Mtu sahihi: yeye. Dawa sahihi: inayochoma. Kipimo sahihi: kisipungue. Njia sahihi: tako la kushoto, kisha la kulia. Wakati sahihi: mbele ya darasa zima.

Likizo nilikwenda Kagerankanda kumsaidia shangazi kupalilia maharage, nikawa nazisema haki hizo kwa kila pigo la jembe. Shangazi aliniuliza, "Ewe mwana, uragombana na nani?" Nikamwambia ninasoma.

Somo nililolipenda zaidi lilikuwa la magnesiamu, dawa ya kifafa cha mimba, kwa sababu hiyo inaokoa na inaua. Mama akipata degedege unamchoma, na baada ya saa kadhaa unamchoma tena. Lakini kabla ya kumwongezea ni lazima uhakikishe mambo matatu. Apumue angalau mara kumi na sita kwa dakika. Goti liruke ukiligonga. Mkojo usipungue mililita thelathini kwa saa. Goti likikataa kuruka, usichome, maana dawa imeanza kumzidi. Kinachofuata ni pumzi kukatika. Mwalimu alitukaririsha hilo mpaka tukachoka. Mimi nilimuona yeye kitandani, nami nina kile kinyundo cha goti mkononi, bila haraka yoyote.

Nilifaulu. Nikapangiwa wodi ya wazazi katika hospitali moja ya Kibondo. Sikujua kwamba mke wake anafundisha shule ya msingi huko huko, na kwamba yeye huja kumwona wikiendi.

Nilijua Jumamosi moja asubuhi, mke huyo, mjamzito, alipoletwa kwa pikipiki ya matairi matatu akiwa anatupa mikono na mate ya povu mdomoni. Mwalimu alikuwa amemshika kichwa. Aliniona. Alinitambua, nami nikaona ametambua. "Sista," akasema, "tafadhali." Miaka yote ile hakuwahi kuniita kitu kingine zaidi ya Tume.

Tulimchoma magnesiamu, degedege likatulia, mchana akajifungua mtoto wa kike mzima. Mwalimu nilimtoa nje ya pazia kwa sauti ile ile ninayowatolea wanaume wote. Akakaa kwenye benchi la ukutani.

Saa ya sindano ya pili ilipofika niligonga goti la mke wake. Halikuruka. Nikagonga la pili. Kimya. Kwenye mfuko wa mkojo kulikuwa na kidogo mno. Wimbo wangu wa chuki ukanijia wenyewe kichwani, mtu sahihi, dawa sahihi, na kwa mara ya kwanza mtu hakuwa yeye. Nikaweka sindano chini, nikamwita daktari, nikaandaa kalsiamu ile inayozima magnesiamu ikizidi. Daktari akasema tumsubiri, tumhesabie pumzi, mimi nisitoke pale.

Mwalimu alikuwa anaangalia saa ya ukutani. "Sista," akaita nje ya pazia, "wakati wa sindano umepita."

"Goti halijaruka, Mwalimu."

Hakuuliza maana yake. Ndugu wengine huwa nawaeleza taratibu, nawashika bega, nawaambia tupo hapa. Yeye sikumweleza chochote, kwa sababu alijua kila kitu: baada ya goti ni pumzi. Nilimwacha pale benchini na somo lake mwenyewe. Nilihesabu pumzi kwa sauti, nikamsikia naye akihesabu nje ya pazia. Nilifurahi, sifichi. Wakati huo nilikuwa nimeshika mkono wa mke wake, na huyo nilikuwa simwachii, hata kama angekuja Izraili na barua ya uhamisho.

Jua lilipokuwa linaelekea kuzama goti la kulia likaruka. Kidogo, kisha vizuri. Mkojo ukaanza kuongezeka. Nilimwita jina, akafungua macho, akaomba maji, akauliza mtoto, akafumba macho tena na kupumua kama mtu aliyetoka shambani. Daktari akaja, akampima, akaitikia kwa kichwa.

Nikavuta pazia. Mwalimu akasimama wima, kama nilivyokuwa nasimama mimi darasani.

"Vipi, Sista?"

Ningeweza kusema amelala. Miaka hii kazini nimeufundisha ulimi wangu, "l" ninayo siku hizi. Lakini amelala, kwa mtu aliyekaa benchi lile tangu mchana, linaweza kuwa neno la msiba.

"Amerara," nikasema.

Akanitazama. Mshipa wa shingo ulikuwa unapiga. Alijua mimi nikilisema hivyo ninamaanisha kitu kimoja tu, usingizi wa mtu atakayeamka, maana alilicheka mara nyingi mno hata haiwezekani asilijue. Ila alitaka kuhakikisha.

"Amerara?" akauliza, kwa "r" yangu.

Nikaweka kiganja sikioni.

"Rudia, Mwalimu, wodi haijasikia."

Akarudia.