Jike Aliyekataa Kula

Mwamini hakuwahi kumwogopa mtu asiyejua samaki, na huko Mbarara watu wa namna hiyo walijaa tele. Wenye ng'ombe zao wale, uwawekee samaki na nyoka kwenye sahani moja, watakuuliza tofauti iko wapi.

Yeye alizaliwa Uvira, ukingoni mwa ziwa. Ujanani alikuwa akivuka mpaka kwenda Bujumbura kumfanyia kazi Mzungu mmoja aliyesafirisha samaki hai Ulaya, eti wakatazamwe tu, wasiliwe. Mwamini ndiye aliyewachambua: huyu na huyu wakae pamoja, yule apewe beseni lake. Kisha vita vikamsukuma hadi kambi ya wakimbizi ya Nakivale, akapewa shamba na jembe. Jembe, mtu wa ziwa! Miaka kumi na minne alililima shamba lile bila kulipenda hata siku moja, na nadhani hata mihogo yake ilijua.

Basi mwaka wa themanini na nane, Hajji Edirisa, mfanyabiashara wa Mbarara, alinunua nyumba karibu na Kamukuzi afungue hoteli. Stoo akakuta tangi kubwa la kioo lililoachwa na wenyewe wa zamani. Akatuma neno hadi Rwekubo, kule kambini: nani atamletea samaki wa kulipamba? Mwamini hakungoja kuitwa mara mbili.

"Wakiwa wazima siku ya kufungua," Hajji akamwambia, "kazi ya jikoni ni yako, na ile chumba ya nyuma ni yako. Wakikufa, rudi Nakivale."

Alikitaka chumba kile kwa moyo wake wote. Lakini hakufanya papara. Maji ya bomba aliyaacha siku tatu kwenye mapipa ili dawa iyatoke, akapanda majani ya ziwani kwenye mchanga, ndipo akachagua. Ngege alimkataa kwa sababu hukua haraka na kuchimbachimba. Kambare alimkataa kwa sababu ni mwizi wa usiku. Akachukua nkejje, visamaki vya Ziwa Nakivale visivyozidi kidole, dume mmoja wa rangi ya buluu na majike watano.

"Kwa nini dume moja tu?" Hajji akauliza.

"Madume mbili mu nyumba moja ya kioo batauana."

"Lakini wanawake watano! Huyu amepita sheria," akasema Hajji, ambaye mwenyewe alikuwa na wawili na hao walimtosha.

Siku ya tatu tangu samaki waingie tangini, Hajji akaja na ndoo. Ndani yake mlikuwa na mamba. Si yule wa meno na magamba, ni yule samaki mrefu anayevuta pumzi kama mtu. Hajji alikuwa Muganda wa ukoo wa Mamba, nao samaki huyo hawamli, wanamheshimu.

"Huyu ni ndugu yangu. Weka yeye hapo katikati, watu waone."

"Hajji, ndugu yako ninamuheshimu sana. Lakini samaki yenye inaweza kumeza mwenzake, haikae naye fasi moja. Umurudishe mu maji."

Hajji akanuna. Mtu mzima, amekwenda Makka akarudi, akanuna siku mbili nzima. Mamba akarudishwa mtoni Rwizi, lakini tangu hapo Hajji akawa anatafuta kosa.

Akalipata. Jike mmoja aliacha kula. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikaingia, kidevu kimemvimba, amejificha kwenye majani. Asubuhi ya Ijumaa ya kufungua, Hajji alisimama mbele ya tangi, mikono kiunoni.

"Mama, samaki yako iko mgonjwa. Toa hiyo kitu kabla haijaambukiza wengine."

"Haiko mugonjwa. Iko na batoto mu kinywa. Itakula tena siku itabatoa."

"Watoto, mdomoni?" Hajji akacheka vibaya. "Sawa. Acha. Lakini ikikufa mbele ya wageni, usingoje nikufukuze."

"Sitangoja," akajibu Mwamini, sauti imetulia kabisa. Moyoni hakutulia. Alikuwa amewaona majike wa Bujumbura walioshtuliwa wakameza mayai yao, na kioo hiki kilikuwa kimepigwapigwa na kila mpita njia.

Baada ya swala wageni wakajaa. Pilau ilipokuwa inapakuliwa, jike akatoka majanini polepole, akafungua kinywa, na vitoto vikaanza kumwagika, vidogo kama punje za ulezi, vina macho tu. Watu wakaacha sahani zao, wakasogea. Meja mmoja wa kambi ya jeshi akainama, akagonga kioo kwa pete yake.

Jike akavinyonya vyote ndani, kufumba na kufumbua.

"Mungu wangu, amekula wanawe," Hajji akasema.

"Musiguse kioo," akasema Mwamini. "Mungoje."

Wakangoja, na Meja akaweka mkono wake mfukoni. Pilau ikapoa. Mwamini hakuangalia mtu, alimtazama jike tu. Ndipo kinywa kikafunguka tena, kikatoka kitoto kimoja, kikatoka cha pili, kisha vyote.

Meja akainuka, akamgeukia. "Huyu mama ni mtu wa wapi?"

Swali hilo Mwamini alilijua; kila kizuizi cha barabarani alikuwa ameulizwa hilo hilo, na jibu lilikuwa moja, Nakivale. Alikuwa tayari ameshafungua kinywa alitoe.

"Wa hapa," Hajji akamtangulia. "Anakaa hapa."

Na Mwamini, ambaye wiki tatu zile hakuwa ametetereka mbele ya mtu, akalia mbele ya wageni wote, wala hakujifunika uso.