Boksi la Wanaoanza

Dada yangu mdogo alipotoka hospitali bila mtoto, hakurudishwa kwa mumewe kule Kabazi. Aliletwa kwangu Nakuru, kwa kuwa mimi nilikuwa mwalimu, nina nyumba ya vyumba viwili, na sina mume wala watoto wa kumpigia kelele. Ndivyo walivyosema, tena mbele yangu, na nikanyamaza kwa sababu haikuwa siku yangu ya kukasirika. Kazi niliyopewa ilikuwa kumfanya aseme. Hakuwa bubu. Alikuwa ameacha kusema tu, kama mtu anavyoacha sukari.

Miaka ya sabini ilikuwa ikielekea ukingoni. Kiangazi kilikuwa kikali, na upepo ulituletea vumbi jeupe la magadi kutoka ziwani, likaingia hata ndani ya kabati la vyombo. Wageni nao waliingia, na mikate yao na neno lao. Neno lilikuwa moja: "Utapata mwingine." Shangazi alilisema, mke wa katekista alilisema, na mama mkwe wake alikuwa wa kwanza kulisema, pale pale hospitalini. Aliyevunja kikombe ndiye huambiwa atapata kingine. Niliwapikia chai wote, na nilifurahi kila mmoja alipoondoka.

Hapa lazima nieleze jambo la majina. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Sasa, mke hamwiti mama mkwe wake kwa jina. Humwita mama, au mama fulani, na akijisahau akalitaja jina lenyewe, ni utovu wa adabu ambao watu hawausahau. Lakini akishamzaa yule msichana, jina lile lile alilokatazwa linakuwa lake. Atalitaja kutwa nzima: fulani njoo ule, fulani toka kwa matope. Mtoto ndiye ruhusa. Msichana wa dada yangu aliishi kidogo sana, akaitwa kidogo sana, kisha akaenda, na jina likarudi kwa mwenyewe. Sitaliandika hapa. Hata mimi si langu kulitaja.

Daktari alisema nimtafutie kitu cha kushika akili yake. Nilijaribu kufuma, akakaa na uzi mapajani. Nilijaribu magazeti, akayakunja vizuri akayaweka kando. Nikajaribu bao, na hapo ndipo nilipomwona akiziangalia zile mbegu kwa muda mrefu, halafu akazisukuma mbali kwa kidole kimoja. Nilijua basi kwamba mchezo unaweza kumfikia, ila huo haukuwa wake.

Jumamosi moja nilienda kwenye duka la vitabu na vifaa vya shule, la mzee mmoja Mhindi ambaye shule yetu ilinunua chaki kwake. Mwanawe alikuwa akisoma Uingereza, na kila alipokuja likizo alimletea baba yake vitu alivyoamini vitauzika Nakuru. Havikuuzika. Vilikuwa rafu ya juu kabisa, vimekaa kama watu waliokosea kituo. Nilipomweleza mzee shida yangu aliitisha ngazi, akapanda mwenyewe, na akashuka na maboksi matatu ya aina moja ya mchezo.

"Kijana yangu napenda hii sana, mwalimu," alisema, akifuta vumbi kwa mkono wa shati. "Hakuna kushinda, hakuna kushindwa. Mtu moja nasema hadithi, ingine naingia ndani ya hadithi. Huyu nauliza, sasa wewe nafanya nini? Yule najibu."

Niliuliza kama ni lazima ajibu kwa mdomo.

"Sasa atajibu na nini? Na mguu?"

Hapo nikavuta kiti.

Boksi la kwanza lilikuwa na kitabu kinene chenye majedwali kuliko kitabu cha hesabu cha darasa la saba. Kulikuwa na kete za pembe nyingi ambazo sikuwahi kuziona, na kalamu ya nta ya kupakia nambari zake ili zisomeke. Nilifungua katikati nikakuta ukurasa mzima unaoeleza uzito wa kamba. Nikalifunga. Nimefundisha miaka mingi, najua kitabu kilichoandikwa ili mwandishi aonekane ana akili.

La pili lilipendeza. Lilikuwa na sanamu ndogo za madini ya risasi zilizopakwa rangi, mashujaa wanne, kila mmoja na jina lake na kadi inayoeleza alikozaliwa, anachopenda na anachoogopa. Hadithi yao ilikuwa imeandikwa tayari tangu mlangoni hadi mwisho. Mzee aliligonga kwa kidole. "Chukua hii. Mgonjwa napenda kitu tayari."

La tatu lilikuwa la wanaoanza. Kitabu chake kilikuwa chembamba, na ndani mlikuwa na karatasi tupu zenye mistari: jina, nguvu, akili, moyo. Kete hazikuwamo. Kiwandani zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo waliweka karatasi ngumu yenye nambari. Uzikate kwa makasi, uzitie kikombeni, uchomoe bila kuangalia. Mzee aliona haya kidogo kuniuzia mchezo usio na kete.

Nilikaa pale na maboksi mawili magotini mpaka wateja wakaanza kuniruka. Lile la sanamu lilikuwa rahisi, na lingemfurahisha mtu yeyote mwenye furaha. Lakini niliwaza: huyu dada yangu ametembelewa na watu wenye hadithi tayari kwa muda wote huu. Kila mmoja amemletea mwanzo na mwisho. Wacha apate karatasi tupu. Nikachukua la tatu, na mzee akatikisa kichwa chake namna yao ile ambayo huwezi kujua kama ni ndiyo au hapana.

Nilikisoma kile kitabu kwa kamusi pembeni. Sehemu nyingine zilinichekesha peke yangu. Mchezaji angeweza kuwa askari, mwizi, mchawi, au padre anayepigana kwa rungu. Nilijaribu kufikiria nikimwambia mtu yeyote wa Nakuru, mkristo aliyebatizwa, achague kuwa mchawi, nikaandika mganga. Ngome ya wazungu niliitupa. Badala yake niliweka shimo la Menengai, kwa kuwa lilikuwa pale juu yetu, na tangu utotoni tuliambiwa mashetani wana mashamba yao huko chini na mtu akiingia anapotea njia hata mchana. Kulikuwa pia na ukurasa uliosema mtu wako akifa, usihuzunike, chukua karatasi nyingine utengeneze mwingine. Ukurasa huo niliuchana. Niliapa hakuna atakayekufa mezani kwangu.

Tulicheza alasiri baada ya shule, mezani karibu na dirisha, na kikombe cha bati katikati. Siku ya kwanza alionyesha askari kwa kidole. Nilimwambia mtu wake lazima awe na jina, akachukua penseli, akaandika, akafunika kwa kiganja. Sikumlazimisha. Nikaanza: umesimama ukingoni mwa shimo, mvuke unatoka kwenye nyufa, kuna njia mbili. Unafanya nini? Alionyesha kushoto. Alichomoa nambari, nikasema umepita salama, ingawa nambari ilikuwa mbaya. Ndivyo nilivyocheza tangu siku ile. Kikombe kilisema chake na mimi nilisema changu.

Sikumbuki ilikuwa siku ya ngapi. Nilikuwa nimechoka, madaftari yamenijaa kichwani, na nikauliza kwa mazoea tu: giza limeingia pangoni, unafanya nini? Akasema, kwa sauti iliyokwaruza, kwamba fulani anawasha taa.

Alilitaja jina. Lile jina. Nilishika kikombe kwa mikono miwili. Nikauliza, akishawasha anaona nini? Akasema fulani anaona ngazi. Fulani hana uoga. Fulani ana njaa kidogo, lakini anaweza kungoja.

Kuanzia siku hiyo nilikuwa na dada anayesema, mezani tu. Tukifunga boksi, alifunga mdomo. Ukimuuliza kama anataka ugali au viazi, aliinua bega. Lakini mchezo ukianza, fulani alikula, fulani aliumia goti, fulani aliwacheka mashetani waliopanda mahindi kichwa chini. Alilisema jina kila sentensi, hata pale ambapo "yeye" ingetosha. Mimi mwalimu ningeweza kumsahihisha. Nilimwacha alirudie, na usiku nilimshukuru Mungu kwa kufuata akili yangu na si ya mwenye duka.

Mama mkwe wake alikuja bila kutuma habari, Jumapili baada ya kanisa, na gunia la viazi vya Kabazi na maziwa kwenye chupa. Hakuwa mwanamke mbaya, na naliandika hili kwa sababu wasomaji hupenda awepo mbaya. Alikuwa ametoka mbali kumjulia hali mke wa mwanawe. Mlango ulikuwa wazi. Alisimama kizingitini, na dada yangu, aliyempa mgongo, alikuwa akisema kwa sauti safi kabisa: "Fulani ametumbukia kwa shimo la mashetani, lakini atatoka. Fulani hawezi kufa."

Yule mama aliteremsha gunia polepole.

"Ni nani unaita hivyo?" aliuliza.

Dada yangu aligeuka. Nilitaka kujibu mimi, lakini yeye aliniwahi, na hilo ndilo neno lake la kwanza nje ya mchezo tangu aletwe kwangu.

"Mtoto," alisema.

"Mtoto gani?"

"Ule."

Mama mkwe aliketi. Aliziangalia zile nambari, kikombe, ramani ya Menengai niliyoichora kwa penseli ya rangi na mashetani wangu wenye pembe. Nilijaribu kumweleza kwamba ni mchezo wa kizungu, wa hadithi tu, kwa watu wanaoanza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuwa mbaya. Alikisukuma kikombe mbali naye. Nilidhani ni hasira, na baadaye nilielewa kwamba alikuwa ameogopa.

"Mwalimu, mimi niko hai," aliniambia. "Na nyinyi mnanitembeza huko kwa mashetani kila siku mkiniita jina. Mnataka wanijue?" Kisha akamgeukia dada yangu, na sauti ikashuka. "Mama, jina langu si ya kuchezea. Ukipata mwingine, utaliita mpaka uchoke, na mimi nitafurahi. Kabla ya hapo, liwache."

"Nimesikia, mama," alisema dada yangu. Alichukua ile karatasi yenye jina, akampa kwa mikono miwili, kama anavyopewa mkubwa. Yule mama aliikunja, akaitia kifuani, akanywa chai yake. Aliuliza kuhusu shule na bei ya mahindi. Nilijibu vizuri. Moyoni nilitaka kumtupa nje na viazi vyake.

Kesho yake dada yangu alisema tuko karibu kuishiwa na chumvi. Keshokutwa yake alisema mwenye nyumba amepita. Alisema mambo yote ambayo mtu husema, na habari zikafika nyumbani kwamba amepona, na mama yetu alilia kwa furaha. Nilipanga mezani kila kitu kama zamani, nikauliza unafanya nini. Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi. "Hakuna mtu huko tena," alisema. Mumewe akaja kumchukua.

Alizaa tena. Alipata wavulana, mmoja baada ya mwingine, wenye afya na kelele, na kila alipojifungua watu walimpongeza, naye alipokea pongezi. Msichana hakuja. Wakwe walikuwa wakingoja naye alikuwa akingoja, na hakuna aliyetaja walichokuwa wakingoja. Nilipomtembelea nilimsikia akimwita mama mkwe wake "mama" asubuhi hadi jioni, kwa heshima isiyo na dosari. Walipatana vizuri. Walichimba viazi pamoja, na yule mama alipoanza kupoteza macho ni dada yangu aliyemshika mkono kwenda kanisani.

Yule mama alikufa wakati wa mvua. Tulimzika Kabazi, shambani kwake, matope yakitushika viatu. Mchungaji alisoma jina lake kamili, jeneza likaanza kushuka, na kilio kikaanza. Wake wa wanawe walilia "mama, mama", kama ilivyo desturi. Dada yangu alisogea mbele mpaka ukingoni. Akaita jina. Jina tupu, bila mama mbele yake, kwa sauti kubwa, kama unavyomwita mtoto aliyechelewa kurudi nyumbani. Akaita tena. Wavulana wake walimshika mikono, akaendelea kuita, na hapakuwa na mtu wa kumkataza, maana mwenye jina alikuwa ameondoka nalo.

Bibi mmoja aliyesimama karibu nami alifuta macho kwa kona ya leso. "Huyu alimpenda mama mkwe wake sana," aliniambia.

Nilimjibu kwamba ni kweli, alimpenda.