Kesi Yangu Ilisikilizwa Ndani ya Kasho

Taabu ilinianza mwaka wa 2019, nikiwa na miaka sitini na moja. Kabla ya hapo nilikuwa na kazi tu, na kazi si taabu. Masomo niliyaacha darasa la pili. Nilisukuma mafuta ya mawese kwa baiskeli kutoka Wamaza mpaka Kasongo, miaka na miaka, na kwa jasho hilo nikanunua shamba la mingazi, ile michikichi inayotoa mawese. Hakuna mutu aliyenipa hata mche mmoja.

Komanda wa posti moja ya askari kule Kabambare, sitaitaja, alilipenda shamba hilo. Akaweka bariere, kizuizi cha bambu, kwenye njia ya kuingia kwangu mwenyewe. Nikawauliza askari wake, "Hii bambu inalinda nini?" Wakanifunga. Waliandika kosa langu: kutukana serikali. Serikali ndiyo ile bambu.

Komanda akanijia kasho, kile chumba cha mahabusu, na karatasi.

"Muzee, weka kidole hapa. Shamba likuwe la usalama wa posti, wewe unarudi kwako."

"Usalama nao iko inakula mawese?"

"Weka kidole, papa."

Sikuweka. Siku zikapita, kidole changu kikiwa bado kisafi.

Bibi yangu akatuma habari Kasongo, akaja avoka, mwanamke wa mjini, wa zile familia za Waislamu wa zamani. Alifika kwa pikipiki, matope mpaka kwenye kitambaa cha kichwa. Kazi yake ni kutetea watu ambao wakubwa wamewafunga bila kisa. Alibeba kode, kile kitabu cha sheria, akamwambia komanda, "Humu wameandika: mutu hakai kasho kupita masaa arobaini na nane bila kufika mbele ya juji."

Komanda akakigeuza kitabu mbele na nyuma. Akasema kitabu kinachosema hivyo juu ya posti yake ni cha uchochezi, kwa hiyo nacho kimekamatwa. Wakakitupa kasho pamoja na mimi. Nikakilalia kichwa. Ni kinene, kinafaa.

Juji wa kesi za safari, hakimu anayezunguka vijijini, alikuwa amefika, anakaa katika darasa la shule, ukuta kwa ukuta na kasho. Ukuta wenyewe wa matete, basi nilisikia yote. Avoka akamtajia ile sheria kwa kichwa, neno kwa neno.

"Metre," juji akamwambia, maana avoka tunawaita hivyo, "kichwa chako hakina muhuri. Na kode yangu mchwa waliikula. Leta kitabu."

Komanda akasema kitabu hakitoki bila amri ya juji. Juji akasema hawezi kuandika amri bila kukiona kitabu. Wakazunguka hapo hapo tangu asubuhi mpaka saa sita. Komanda akachoka, akapanda pikipiki, akaenda zake Lusangi.

Mimi nikasema kupitia matete, "Kama kitabu hakitoki, juji aingie."

Halafu avoka akasema, "Papa iko na haki. Hakuna sheria inayokataza."

Juji akaingia, na karani wake, na avoka. Kufuli komanda alikuwa ameliacha wazi asubuhi; askari wa mlango akalibana nyuma yao. Alikuwa na amri: anayeingia, anafungiwa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa komanda, Lusangi.

"Unakaa humu tangu lini, muzee?" juji akaniuliza, leso puani.

"Siku ya kumi na moja leo."

"Na hii harufu?"

"Hiyo nilikuta imetangulia."

Avoka akasoma: masaa arobaini na nane. Juji akamwambia asome tena. Akasoma mara tatu. Saa moja ilipopita, juji akatazama ndoo iliyo kwenye kona, akasema, "Hata hayo masaa ni mengi."

Akaandika niachiliwe. Avoka akakataa kufunga kesi hapo; akadai waandike pia kwamba shamba ni langu na bambu iondoke. Juji akaandika, haraka, macho mlangoni. Jioni komanda akarudi, akafungua, wa kwanza kutoka akawa juji. Komanda akapiga saluti.

"Juji, nani amekufungia?"

"Wewe."

Avoka alirudi Kasongo bila kitabu chake. Mpaka leo wakubwa wanamuita kujibu ule uchochezi wa kitabu. Anaenda, anajibu, anarudi kazini.

Leo niko na nyumba ya matofali, imeezekwa manjanja, yaani mabati. Mbuzi tisa. Mashine ya kukamulia mawese. Hukumu moja yenye muhuri. Shamba la mingazi upande wa Wamaza, lote.