Mlima Nyuma ya Shingo

Fundi picha wa hospitali hukishika kioo cha picha ya zamani, za enzi zile picha zilipopigwa juu ya kioo, kwa ncha za vidole, kama anayeokota kaa la moto, hukipuliza, kisha hujisifu: "Macho haya yakiuzwa, hospitali nzima haina hela ya kuyanunua." Huwatania wagonjwa huku akitundika shuka jeupe nyuma yao, maana daktari anataka kuona uvimbe, hataki kuona dirisha. Shuka likikunjamana, hapigi picha hata umlilie.

Juzi alikuja mama mmoja wa wale waliofukuzwa msituni, chini ya mlima. Kesi yao ya ardhi imefika mahakama ya kimataifa, na serikali inaapa kwamba hawakuwahi kuishi chini ya ule mlima. Bibi yake alipigwa picha palepale, mlangoni kwake, na daktari wa zamani aliyechunguza uvimbe wa shingo, na mama aliitaka picha hiyo iwe ushahidi. "Kaa hapo, dada," fundi akatamba. "Nikiikosa mimi, hakuna wa kuipata." Na kweli akaipata, akaiinua kwenye taa. Utani ukamkauka mdomoni. Bibi alikuwepo, na uvimbe wake wote. Nyuma yake kote daktari alikuwa amekipaka kioo rangi nzito, hadi ukingoni mwa nywele, ili uonekane uvimbe tu.

"Mlima uko wapi, kaka?"

"Uko chini ya rangi."

"Si uioshe?"

"Nikiigusa tu, serikali itasema mlima nimeuchora mimi."

Mama akaitazama shingo ya bibi yake. Fundi akakipuliza kile kioo, akakipuliza tena, ingawa hakikuwa na vumbi.